Mpapai wa Daftari la Dada

Kila asubuhi kabla ya shule mimi hufagia chumba cha kushonea cha mama na kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Siku ile nilifagia ovyoovyo, maana hadithi aliyotuagiza mwalimu sikuwa nimeiandika. Nyuma ya kabati la vitambaa nikakuta daftari kuukuu la dada, ambaye sasa anasoma chuo. Nikanakili ukurasa wa kwanza neno kwa neno. Ulisimulia habari za mti tu. Mapambo ya hadithi, nikajisemea.

Darasani nilisoma kwa madaha: "Mafuriko yaliangusha ukuta. Chini yake ulisalia mche wa mpapai wenye jani moja. Jirani mmoja akaleta udongo, mwingine maji, na fundi cherehani akauhamishia uani kwake."

Mwalimu akainua kidole. "Mwandishi haweki mti bure. Anadokeza yatakayowapata watu wake. Nani atabashiri?"

Mvulana tunayemwita Redio akaruka. "Mwalimu, kuna mtoto atafiwa na wazazi! Fundi atamchukua, majirani watasaidia!"

"Leo umeshika stesheni!" wenzake wakamtania.

Mwalimu hakucheka, akanigeukia. "Nadhani amepatia. Mwandishi, mtoto huyo ni nani?"

Sikujua.

Nilipofika nyumbani nilifungua daftari la dada niusome mwisho. "Mtoto alikuwa na miezi minne," dada aliandika, "na alama nyeusi nyuma ya sikio la kushoto. Tangu siku hiyo nina mdogo wangu."

Nikajishika sikio. Alama ilikuwa palepale. Nikalibeba daftari hadi chumba cha kushonea.

"Mama," nikasema, "huyu ni mimi?"

Cherehani ikanyamaza. Mama alitazama daftari, mkasi ukamponyoka. "Umelitoa wapi?"

"Nyuma ya kabati. Nimenakili ukurasa wa kwanza, nikamdanganya mwalimu kuwa ni hadithi yangu."

Mama akashuka kitini, akaketi sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. "Ni wewe. Wazazi wako walikuwa jirani zetu, ukuta uliwaangukia. Muuza duka alitoa maziwa, seremala akakuundia kitanda. Mimi nikakubeba."

"Kwa hiyo mimi si mwanao?"

"Koma! Aliyenikojolea mgongoni miaka miwili ni nani, kama si mwanangu?"

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Akanivuta kifuani.

"Umekosa kuchukua kazi ya dada yako," akasema taratibu. "Kesho utamwambia mwalimu mwenyewe, na utaandika yako. Nami nimekosa. Nilikuficha habari zako miaka kumi na miwili, nikijidanganya kuwa nakuhurumia. Uongo wa mtoto na wa mzazi, wote huumiza nyumba moja, mwanangu. Leo mimi naanza kusema kweli. Haya, uliza."

Nikafuta machozi. "Mama yangu yule, alikuwa anacheka vipi?"

Mama akafikiri kidogo, kisha akaniigizia.