Mita Tatu za Uongo

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifuatana na shangazi yake kupima visima vya mji. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Shangazi, mtaalamu wa maji, alibeba kompyuta. Chiriku alibeba utepe wa kupimia wenye kengele iliyolia ncha ya utepe ilipogusa maji.

"Kompyuta inajuaje pampu ipi ifanye kazi zaidi?" aliuliza.

"Naiambia maji yako wapi katika kila kisima, na yasishuke kupita wapi. Inajaribu migao mingi ya saa za pampu, halafu inachagua ule unaowapa watu maji mengi bila kukausha kisima chochote."

Kisima cha mwisho ndicho kilichomwagilia kitalu cha miche cha mama yake Chiriku. Miche ilikuwa imeanza kunyauka, na mama hakuwa na raha. Kengele ililia. Maji yalikuwa yameshuka hadi mita kumi na nane kutoka juu ya kisima.

"Ngapi, mwanangu?" Shangazi aliuliza, macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Kumi na tano," akasema Chiriku.

Basi mgao mpya ukakiongezea kisima kile saa za kuvuta maji. Mama alifurahi, na Chiriku akajiona mjanja kweli kweli. Jumatano pampu ilikoroma, ikatapika tope, ikanyamaza. Mama alisimama katikati ya miche na ndoo tupu.

Siku hiyo Chiriku hakupiga soga na mtu. Jioni alimwendea shangazi. "Nilikudanganya. Ilikuwa kumi na nane. Nilitaka mama apate maji zaidi."

Shangazi hakugomba. Aliingiza kipimo cha kweli, wakasubiri. Mgao mwingine ukatoka: kisima cha kitalu kipumzike, na visima viwili vya upande wa pili, vilivyojaa, vipeleke maji kitaluni kwa mabomba. Safu mbili za miche zilikuwa zimekwisha kufa, zilizobaki zilipona.

"Kwa hiyo maji yalikuwepo?" Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yalikuwepo tangu Jumamosi," alijibu shangazi. "Kompyuta haiwezi kuchungulia kisimani, mwanangu. Inaamini tunachoiambia. Ungesema kweli, mama yako angepata maji siku ileile. Sasa nenda kamweleze mwenyewe."