Mkia wa Kondoo na Karatasi ya Pili

Sijawahi kusema uongo maishani mwangu. Ukiacha umri wangu, na habari za yule mbuzi wa jirani. Basi, na mengine mawili matatu.

Kila asubuhi mjukuu wangu Anujin huwasha jiko kwa samadi kavu, mimi nachemsha chai ya maziwa na chumvi, na mume wangu Dambasuren anakata mafuta ya mkia wa kondoo, vipande vinene kama vidole vya mpiga mieleka. Kiangazi kile alitundika majibu yake ya maabara hemani, kando ya medali za farasi wake.

"Someni wenyewe! Lehemu yangu iko chini kuliko ya kijana. Mafuta ya damu hayanijui mimi!"

"Mbona unasinzia mchana kutwa, mzee, na macho yamekuwa ya manjano?"

"Wivu huo, bibie."

Jamani, mwanamume huyu! Anujin, mwenye miaka kumi na miwili, aliinamia kikombe chake. Yeye ndiye aliyeleta majibu kutoka zahanati iliyo karibu na shule.

Wiki ya tatu Daktari Oyunchimeg akafika kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope.

"Mzee, nikungoje mpaka lini? Nilimpa mtoto karatasi mbili!"

"Ilifika moja," akasema Dambasuren bila kupepesa.

Anujin akaangua kilio. "Babu alisema nikitoboa siri hanipandishi farasi wa mashindano. Ya pili iko ndani ya buti lake!"

Nikalivuta buti. Karatasi ilisema: homa ya ini, kirusi aina ya C.

"Lakini lehemu iko chini!" mzee akang'ang'ania.

"Huenda kirusi ndicho kilichoishusha!" Daktari alivua kofia kwa hasira. "Ini ndilo jiko linalopika sehemu kubwa ya lehemu. Mwizi kaingia jikoni, upishi umevurugika, nawe unashangilia sufuria tupu!"

Mzee alimeza vidonge miezi mitatu, nami nikimfumbua mdomo kama ndama mkaidi. Kirusi kikaisha. Ini likarudi kazini, na lehemu ikapanda.

"Sasa mkia marufuku, nyumba nzima," Daktari aliagiza aliporudi na majibu mapya. Kisha akamgeukia Anujin. "Kumfichia mkubwa ugonjwa si kumheshimu. Ungesema siku ile ile, babu yako angeanza dawa wiki tatu mapema. Ukiona kitu kimefichwa, sema."

"Ah, Daktari, humu hamna mkia tena," niliapa. "Nimewatupia mbwa kwa mkono wangu huu."

Anujin akainuka, akachomoa buti chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na pande la mafuta lililofungwa kwa gazeti.

Wote wakamkodolea macho Dambasuren. Yeye alilitazama lile buti, akacheka mpaka akapaliwa.

Lilikuwa buti dogo, lenye maua mekundu. Langu.