Uso wa Mfamasia

Kituo cha treni cha Berri kilikuwa kimefurika watu wa jioni ya Februari pale makali ya kiatu cha kutelezea kwenye barafu alichoning'iniza Anselme Pelchat begani yalipochana mkono wa koti la Maude Gaudreault, koti la sufu la rangi ya haradali.

"We kaka, unatembea na visu?"

"Samahani sana, dada. Nitalishona mwenyewe."

"Unajua kushona?"

"Sijui. Nikiliharibu, tutaonana tena."

Alilishona vibaya, wakaonana tena. Anselme alikuwa mfamasia. Maude, daktari wa maumivu. Walicheka sana kugundua kwamba hospitali yao ni moja. Kufikia kiangazi walikuwa wakiishi pamoja.

Vuli, hospitali ilianza kujaribu mafuta ya bangi kwa wagonjwa ambao kisukari kimewaharibia mishipa ya fahamu ya miguu. Nusu yao walipewa mafuta yenye dawa, nusu mafuta matupu, kwa chupa zile zile na ladha ile ile ya mnanaa. Maude aliwapima maumivu bila kujua nani anatumia yapi. Anselme, aliyejaza chupa, alijua. Mkuu wa utafiti aliwakubalia wote wawili kushiriki kwa sharti moja: nyumbani wasilizungumzie jaribio hilo kabisa.

Jioni moja Anselme alipika supu ya njegere, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Maude aliingia akiwa na furaha, akajisahau.

"Mpenzi, mgonjwa wangu mmoja, yule mzee kocha wa hoki, sasa analala usiku kucha! Juzi kacheza dansi na mkewe!"

Uso wa Anselme ulishuka. Kijiko kilisimama hewani.

"Maude, tusiongee hayo."

"Mbona umebadilika hivyo?"

Anselme aliinamia bakuli lake. Maude aliitazama supu. Je, mzee alikuwa akicheza dansi kwa mafuta matupu? Au Anselme alishtuka tu kwa sharti kuvunjwa? Au palikuwa na jambo jingine? Kila alipochagua jibu moja, lingine lilionekana la kweli zaidi.

Asubuhi alimweleza mkuu wa utafiti kwamba huenda amejua asichopaswa kujua, akaondolewa kwenye jaribio. Kisha akahamia kwa dada yake. Anselme akapiga simu.

"Umenishtaki, daktari wangu?"

"Nimejishtaki mwenyewe. Niambie tu kwamba uso ule haukumhusu mzee, nirudi nyumbani."

"Siwezi."

"Mimi nimeshatoka kwenye jaribio!"

"Wenzako bado wamo. Halafu nikikujibu leo kwa sababu jibu ni zuri, siku nikinyamaza utajua ni baya."

"Kwa hiyo niishi na mtu nisiyeweza kumsoma?"

"Sijui, mpenzi. Hata mimi nimechanganyikiwa."

Alisema kweli. Aliyakumbuka mambo yote mawili yaliyokuwa kichwani mwake mezani pale, la mzee na lake mwenyewe, na hakuweza kusema ni lipi lililomshusha uso.

Maude alijaribu kumchukia akashindwa. Hoja ya Anselme haikuwa na kosa, na hilo ndilo lililomuudhi. Mchana mmoja, akiwa na koti jeupe la kazini na nywele zimemtimka, alikwenda kwenye dirisha la duka la dawa la hospitali.

"Sijaja kuuliza habari za mzee."

"Karibu, dada. Unaumwa nini?"

"Acha utani. Nina swali moja, na halihusu jaribio. Utanioa?"

Anselme aliingiza mkono mfukoni, akatoa pete.

Maude aliinama kuitazama. "Hii umeinunua lini?"

Anselme alipima majibu yote mawili. Akisema ni kabla ya jioni ile ya supu, atakuwa amempa sababu ya uso wake iliyo nje ya jaribio. Akisema ni baada, atakuwa amemwachia jaribio tu.

"Siwezi kusema."

Maude aliukodolea macho uso ule mwembamba, hakuona kitu. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akapitisha mkono chini ya kioo cha dirisha.

"Nivishe upesi, kabla sijauliza swali jingine."