Makofi ya Nunu

Jioni ile nilipita mtaa wa Al Khoudh kumpelekea ami yangu Aflah mkate wa kumimina, wala sikukusudia kukaa. Lakini binti yangu Nunu, miaka sita na mdomo usiopumzika, alishashuka garini na kukimbilia chumba cha uani anakoishi babu yake huyo.

Ami Aflah ni mpiga gitaa. Si taarabu, ni bluzi, ule muziki wa majonzi wa watu weusi wa Amerika, aliojifunza ujanani Unguja kwa kusikiliza santuri. Hapa Maskati alipiga miaka na miaka kwenye ukumbi wa hoteli moja ya Qurum, wageni wakila huku wamempa mgongo. Harusini aliambiwa apumzike hata wimbo haujesha. Mtu mmoja wa Beiruti alitaka kumrikodi, Ami akakataa. Ukoo mzima tulimwita mwoga, na mimi mdomo wangu haukubaki nyuma.

Tulimkuta anapiga peke yake. Nunu akasimama mbele yake, akasikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi.

“Mashallah, Babu! Nzuri kuliko zote!”

Ami akabadilika rangi.

“Kwa nini umemleta mtoto huyu?” akaninong'oneza.

Nilitaka kucheka. Kisha nikasikia harufu... Asumini. Si mbichi. Zile zilizolaliwa usiku kucha kwenye mto wa bibi harusi. Na uani pale hakuna hata jani.

Mikono ya Nunu ilikuwa bado imeshikana.

“Mama... haifunguki.”

Nikaivuta. Vidole vilikuwa baridi, kama vimetoka kwenye friji. Nikavuta tena, akalia. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi, na katikati ikanipotea kwa hofu. Nywele za mwanangu ziliinuka upande mmoja, taratibu... zikapangwa nyuma ya sikio.

Hakuna aliyezigusa.

“Nnaye mtu,” Ami akanong'ona. “Toka Unguja. Alikuja kunisikiliza, hajaondoka. Hataki mwengine anipende.”

“Jini?”

“Usimtaje! Khawla alinisifu, mara moja tu, ndani ya nyumba yetu.”

Khawla alikuwa mkewe. Tuliambiwa kafa kwa homa. Mama yangu, aliyemwosha, alisema viganja vyake vilikataa kuachana, nasi tukadhani ndivyo mauti yalivyo. Kumbe hoteli ile ya watu wasiosikiliza, Ami aliichagua mwenyewe.

“Ntapiga,” akasema. “Nyinyi mnikashifu, mbele yake.”

“Basi piga vibaya!”

“Akijua nnamchezea, atamchukua mtoto.”

Akapiga. Wallahi sijui niseme vipi. Nilikuwa namwogopea mwanangu, na bado kifua changu kilijaa. Marehemu baba yangu alinijia, na mambo ambayo sikuwahi kumwambia. Nilitaka Ami asiache.

“Mbaya,” nikasema. “Mbaya, Ami! Acha!”

Nunu alinitazama kwa mshangao. Mimi ndiye niliyemfundisha asiseme uongo.

“Sema, mwanangu.”

“Lakini Mama...”

“Nunu! Sema!”

“Mbaya, Babu,” akasema, machozi yanamtoka.

Ami akaacha kupiga.

Mikono ikaachana. Nikamsukuma nje akimbilie garini.

Ami alilaza gitaa kitandani. Nilitegemea kumwona ameshusha pumzi. Badala yake aliniangalia kwa haya, kama kijana anayeposa.

“Buthaina,” akasema polepole. “Ilikuwa mbaya kweli?”

Umri wote ule, na hilo ndilo swali aliloogopa kumuuliza mtu. Jibu lilikuwa limenifika kooni. Mzee huyu alistahili kulisikia, hata mara moja, kabla hajafa. Lakini nyuma yake pazia lililokuwa likipepea kwa upepo wa kiyoyozi likasimama ghafla... likatulia, kana kwamba na lenyewe linasubiri.

“Mbaya sana, Ami.”

Akaitikia kwa kichwa. “Alhamdulillahi,” akasema, akageukia ukuta nisimwone analia.

Nikatoka. Harufu ya asumini ikatoka pamoja nami. Nunu alikuwa amesimama kando ya gari, ananiita nimfungulie mlango. Mara ya kwanza sikumjibu, wala ya pili. Ndani ya mikono ya abaya viganja vyangu vilikuwa vimekutana, sijui tangu saa ngapi, na nilikuwa bado navivuta.