Niliambiwa Chumba cha Jirani Hakina Mtu

Nilikuwa nabandika utepe wa mwisho wa skochi kuziba mlango wa depo ya mahindi niliposikia mtoto anakohoa.

Nikasimama.

Ndugu zangu mnaosoma, dawa niliyokuwa nimeiacha ndani si ile ya kupulizia mende jikoni. Ni vidonge vya kuua fukusi kwenye magunia. Unaviweka, unaziba kila tundu, unatoka, vinaanza kutoa gesi polepole. Na gesi hiyo haichagui fukusi wala binadamu.

Kikohozi kilitoka chumba cha pili. Chumba nilichoambiwa hakina mtu...

Ngoja niwaeleze vizuri.

Mi naitwa Orpha. Wazazi wangu walitoka Uvira, mi nimekulia mtaa wa Buterere, huko ambako mvua ikinyesha panya wanahamia kitandani kwako bila kuomba ruhusa. Labda ndiyo maana nilisomea kuua wadudu na panya. Nilifanya mtihani nikaanguka, nikarudia, mpaka nikapewa kibali chenye jina langu na picha yangu. Kaka zangu wakaniita Mama Panya. Wacheke tu, mama yangu alikitundika ukutani kile kibali kama picha ya harusi.

Na harusi yenyewe ilikuwa njiani.

Landry, mchumba wangu, tulianza mafunzo pamoja. Yeye akaacha katikati. Akasema kibali kimoja kinatosha nyumba moja, mi niweke dawa, yeye atafute wateja. Na kwa mdomo, wallahi, Landry anaweza kumuuzia samaki maji ya ziwa.

Ndiye aliyempata bwana Majid, mfanyabiashara wa mahindi na maharage pale mtaa wa Buyenzi. Depo yake iko kwenye zile nyumba za zamani zilizoshikana, mlango kwa mlango, bati moja juu ya zote. Fukusi walikuwa wamemshinda. Akatuambia wazi kwamba mzigo mpya unafika wiki ijayo na dawa inataka siku kadhaa, kwa hiyo dawa ni leo, tukishindwa atamwita mwingine.

Sasa, kitu cha kwanza tulichofundishwa ni majirani. Huweki kidonge hata kimoja kabla vyumba vinavyopakana havijawa vitupu.

Mi nilikuwa ndani nafunika magunia kwa turubai, nikamtuma Landry apige hodi. Akarudi anatabasamu. Upande wa kulia, akasema, wamekubali kwenda kukaa kwa ndugu yao. Upande wa kushoto amegonga mpaka mkono unamuuma, hakuna mtu.

Nikamwamini. We ungekuwa mi, usingemwamini mwanaume unayetaka kuzaa naye?

Basi nikaweka vidonge, nikatoka, nikatumia karibu saa nzima kuziba madirisha, kisha mlango. Na hapo ndipo nikasikia kile kikohozi. Upande wa kushoto.

Kikaja tena.

Landry akanishika mkono. Akasema ni redio ya watu.

Redio gani inakohoa hivyo? Nikautoa mkono wake, nikakimbilia ule mlango. Nikagonga. Nikagonga tena, nikaita kwa sauti.

Sauti ya mwanamke ikauliza kwa chini:

"Nani?"

"Mi ni Orpha, mama. Niko mwanamuke. Nakuomba fungua."

Mlango ukafunguka kidogo. Mwanamke amejifunika nguo nyeupe, kambeba mtoto wa kike aliyelegea begani. Akaniambia anaitwa Sumaya, yuko eda. Mume wake ametangulia mbele ya haki, siku zake hazijaisha, hatoki nje wala haonekani na wanaume wa nje.

Mi ni Mkristo lakini nimeishi na Waislamu, najua eda si mchezo.

Nikainua macho juu ya kichwa chake... Mungu wangu.

Ukuta wa kati haukufika kwenye bati! Uliishia pale juu, na kwenye ule uwazi nikaona turubai langu juu ya magunia ya Majid. Yale magunia ndiyo yaliyonifichia huo uwazi nilipokuwa ndani ya depo. Na harufu ilikuwa imeshafika, kama kitunguu saumu kilichooza. Dirisha lake lilikuwa limefungwa kabisa.

"Mama, mukibaki humu mutoto atakufa."

Akatazama barabara. Ilijaa wanaume, mafundi, waendesha baiskeli, wote wameshaanza kusogea kuona kuna nini. Nilimwona anamwogopa Mungu na anaogopa kumpoteza mtoto, vyote kwa wakati mmoja, na mguu hauvuki kizingiti.

Aliyetuokoa ni bi Nafisa, mama mtu mzima anayeuza sambusa ng'ambo ya barabara. Alielewa bila kuambiwa mara mbili. Akawaita wanawake wenzake, wakavua vitenge walivyojifunga juu ya magauni, wakasimama mistari miwili wameinua nguo juu. Sumaya akapita katikati. Hakuna mwanaume aliyemwona hata kisigino.

Mi nikavaa maski nirudi ndani kuvitoa vile vidonge. Nageuka, namwona kijana kashika ndoo ya maji anataka kumwaga ndani ya depo, eti aizime dawa! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Maji yakigusa vile vidonge, gesi inatoka yote kwa mpigo. Tungezika mtaa mzima.

Kuingia mle ndani... sitaki kudanganya, nililia ndani ya maski. Kioo kikaingia ukungu, nikawa natafuta sahani za vidonge kwa kupapasa, huku nawaza kama maski inavuja nitajuaje. Nilizitoa zote, nikaziacha uwanjani mbali na watu. Bwana Majid, aliyefika mbio aliposikia kelele, alifungua milango yote kwa mkono wake. Hakuuliza habari ya mahindi yake hata kidogo. Akamchukua Sumaya na mtoto kwa gari lake mpaka hospitali, bi Nafisa amekaa nao nyuma.

Mtoto anaitwa Aya. Alitapika njia nzima.

Mi na Landry tuliwafuata, tukangoja kwenye korido. Niliomba maombi yote ninayoyajua, na mengine nikayatunga. Mwishowe muuguzi akatoka akasema mtoto ameomba chai.

Nikakaa chini kwenye sakafu.

Baadaye Sumaya akaniita nyuma ya pazia. Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Nikamwambia mwenzangu aligonga sana, inaonekana hukusikia.

Akaniangalia kwa mshangao.

"Nilisikia. Nikamujibu kwa nyuma ya mulango, nikamwambia niko eda na mutoto, siwezi kutoka. Akasema, basi mama, bakia ndani, funga dirisha vizuri."

Jamani...

Nikatoka. Landry alikuwa kwenye korido, kashika juisi ya mtoto.

"We ulijua," nikamwambia.

Hakukataa. Akasema alidhani ukuta unatosha. Akasema Majid angemwita mtu mwingine, na sisi tunajenga maisha. Halafu akasogea karibu na sikio langu.

"Wakikuuliza, sema hakuna mutu alijibu. Kibali kina jina lako, Orpha, si langu."

Yaani alikuwa amefikiria mpaka huko. Mtoto akifa, ningefungwa mi.

Nilimwambia asikanyage kwetu tena. Kesho yake nikaenda mwenyewe kwa waliotoa kibali, nikasema yote, na jina la Landry nikalitaja. Kibali wamekishika mpaka uchunguzi uishe. Huenda nikarudishiwa, huenda nisirudishiwe. Mama analilia kibali, baba analilia mahari. Mi naenda kumwona Aya, ananikimbia kwa sababu ananikumbuka na maski.

Dada zangu, kaka zangu, kama maisha ya watu yako mkononi mwako, mlango gonga mwenyewe. Usimtume mtu kwa sababu unampenda.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mi nilisoma fukusi, kunguni, panya, mende, nikafanya mtihani mara mbili... na bado huyo wa nguoni nilitaka kumvalisha pete.