Waya Uliokosea Tundu

Tangu mkewe afariki, dereva mstaafu alipika chakula cha mtu mmoja na kukila akiwa amesimama. Nyumba ilikuwa kimya. Redio aliiwasha asubuhi ili tu asikie mtu akiongea.

Siku aliyoingoja ilikuwa Jumapili. Mchana alikaa mbele ya kompyuta, akavaa hedifoni, akacheza gemu ya mbio za magari na bintiye, aliyefanya kazi nchi ya mbali. Kwenye simu binti alikuwa mtu wa "nzuri" na "salama" tu. Lakini mbio zikianza, ulimi ulilegea. Alimsimulia baba kazi yake, chumba chake, hata siku alizolia.

"Baba, umeendesha malori maisha yako yote, na bado nakuacha," alimtania.

"Lori langu halikuwa na haraka," baba alijibu.

Kisha diski ya kompyuta ikajaa. Dereva akanunua diski mpya, yenye kasi kuliko ile ya zamani. Hakumwita fundi. Mtu aliyefungua injini porini atashindwaje na kisanduku cha mezani? Alichomoa nyaya zote, akafunga diski, akapangusa vumbi, akarudisha nyaya. Kompyuta ikawaka upesi. Akajipongeza.

Jumapili ilipofika, gemu ilikwenda kwa kukwamakwama. Picha iliganda, ikaruka, ikaganda tena. Gari la binti lilipotea mbele, na baba akajikuta amegonga ukuta.

"Tupumzike kidogo, baba," binti alisema. "Ikipona utaniambia."

Haikupona. Dereva aliifuta gemu, akaiweka upya. Wapi! Jumapili zilizofuata alikaa mbele ya skrini bila kuiwasha. Binti hakupiga simu, na baba hakutaka kuonekana msumbufu. Moyoni alisema, mtoto amepata pa kutokea.

Mlango wa pili aliishi mama mmoja, fundi wa kompyuta. Miaka yote waliishia kusalimiana kwenye ngazi. Siku moja dereva alijikaza, akabisha hodi.

"Samahani, jirani. Nimeuziwa diski mbovu."

"Pole, mzee. Umejuaje ni mbovu?"

"Kabla ya diski, gemu ilikwenda. Baada ya diski, haiendi."

"Labda. Uligusa nini kingine?"

"Nyaya tu."

"Basi twende tukazione hizo nyaya tu."

Fundi aliinama nyuma ya kompyuta.

"Waya huu wa skrini, ulikuwa hapa juu tangu zamani?"

"Sikumbuki. Nilichomeka, picha ikatokea, nikauacha."

"Picha hutokea, ndiyo. Lakini tazama. Hapa chini kuna tundu la kadi ya picha. Kadi hiyo ndiyo inayochora magari na barabara. Tundu la juu halipitii kwenye kadi. Linatosha kuandika barua, ila kwa gemu halina nguvu. Kadi yako umeipa likizo, mzee."

"Na diski?"

"Diski ni nzima. Diski yenye kasi hufungua gemu upesi, lakini haichori picha. Zima kompyuta, uhamishe waya mwenyewe."

Dereva alizima, akahamisha waya, akawasha. Gari likateleza barabarani bila kukwama hata mara moja.

"Ukifungua tena," fundi alisema, "piga kwanza picha ya nyaya kwa simu. Kisha rudisha kila waya mahali pake. Ikileta shida, kagua ulichogusa kabla ya kulaumu kitu kipya. Lakini mbona hukuja mapema?"

"Niliona nitakusumbua."

"Mimi nami huwa peke yangu, mzee. Wewe bisha tu."

Jumapili dereva alimpigia binti, wakaingia kwenye mbio. Walipita kona kadhaa.

"Baba," binti alisema mwishowe. "Nilidhani kompyuta ni kisingizio. Nilidhani umenichoka."

Machozi yalimlenga dereva. "Na mimi nilidhani wewe ndiye uliyenichoka," alisema.

Akapunguza mwendo, akaegesha kando ya barabara. Gari la binti likageuza, likarudi, likaegesha ubavuni pake. Magari mengine yote yakawapita. Wakaongea hapo hapo mpaka mbio zikaisha, na hakuna kati yao aliyeondoa gari.