Maua ya Nyuma ya Pipa

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kuosha vyombo, Madoa alishika brashi. Jina hilo alipewa na mama yake, mchoraji wa mabango ya maduka, kwa kuwa hakuwa na gauni hata moja lisilo na doa la rangi. Wiki hiyo alikuwa na kazi ya kupamba ukuta wa saruji uani. Bibi, aliyevunjika nyonga, angetoka hospitali Jumamosi, na kitanda chake kilikuwa kimewekwa dirishani, mkabala na ukuta huo.

"Hatatembea kwa muda mrefu," mama alisema. "Atakachokuwa anakiona ni huo ukuta tu. Sugua kuvu yote kwa brashi ya waya na sabuni, uache ukauke, ndipo upake rangi ya msingi. Usiruke hata kipande."

Madoa alisugua mpaka mikono ikamuuma. Alipofika nyuma ya pipa la maji, akakuta kuvu nzito ya kijani. Nje wenzake walikuwa wakiruka kamba na kumwita. Akalisogeza pipa kidogo, akapaka rangi juu ya kuvu hiyo hiyo.

"Umesugua wote?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Wote, mama." Uongo ulimtoka bila hata kukohoa.

Kufikia Alhamisi ukuta ulikuwa umejaa maua mekundu na ndege wawili. Pembe moja ya juu iliachwa kwa ajili ya mdogo wake, ambaye kila siku aliuliza lini atachora jua lake. Huyo walimwita Kijiko, maana alichimbachimba kila kitu kwa kijiko chake cha bati.

Ijumaa mama alisogeza pipa kando ili Bibi aone maua yote. Loo! Maua ya pale yalikuwa yamevimba malengelenge, mengine yamebambuka na kuning'inia.

"Nani kafanya hivi?"

Kijiko alikuwa amesimama karibu, kijiko mkononi.

"Si unamjua na hicho kijiko chake," Madoa akasema.

Mama akamnyang'anya mtoto kijiko. "Basi jua huchori tena."

Kijiko, ambaye kwa kawaida angeliamsha mtaa mzima kwa kilio, alienda kukaa kizingitini akaupa ukuta mgongo. Madoa alimtazama, akajisikia vibaya sana. Jioni aliacha chakula sahanini. Mwishowe akamfuata mama jikoni.

"Mama, si Kijiko. Pale sikusugua. Nilipaka juu ya kuvu."

Mama akachukua kijiko rafuni, akampa. "Kamwambie yeye kwanza. Nami nitakuja kumwomba radhi, maana nilimhukumu bila kumuuliza."

Madoa alimrudishia mdogo wake kijiko, akaomba radhi. Kijiko alifikiri kidogo. "Kwa hiyo jua nachora?"

"Unachora."

"Kubwa?"

"Kubwa utakavyo."

Asubuhi walikwangua rangi mbovu pamoja, na kijiko kile kikafanya kazi vizuri kuliko kisu. Bibi aliletwa mchana, akakuta kipande kitupu katikati ya maua.

"Mbona pale pako uchi?" aliuliza kutoka dirishani.

Madoa alimweleza yote, uso ukimwaka kwa aibu. Bibi akacheka mpaka akashika nyonga. "Nilidhani nitakuwa natazama ukuta tu, kumbe nitapata na mafundi!"

Mama hakucheka. "Madoa, ulifunika kuvu kwa rangi, kisha ukafunika uvivu kwa jina la ndugu yako. Kuvu tumeikwangua kwa asubuhi moja. Ungenyamaza, huyu mtoto angekaa na kosa lisilo lake mpaka lini? Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia."

"Nimeelewa, mama."

Akarudi kusugua. Wenzake walimwita, hakwenda. Kijiko, juu ya kiti, alichora jua lenye meno.

"Umesugua wote?" mama aliuliza baadaye.

Safari hii Madoa alilisukuma pipa mbali zaidi na ukuta, akasema, "Njoo uangalie, mama."